Kompyuta ya mezani ya mtumba: namna ya kuishi na vituko vyake

Ukipita kwenye maduka ya kompyuta za mtumba Kariakoo utakuta maboksi yaleyale yamepangwa mpaka karibu na dari: Dell OptiPlex, HP Compaq na EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Zimestaafishwa kwenye maofisi ya nje, zimefutwa vumbi, zimepigwa windo upya, na sasa zinamsubiri mwenye steshenari, mwalimu, au mzazi anayetaka mwanawe ajue kutaipu. Mimi nazipenda. Chuma chake ni kizito, vipuri vyake vipo mjini, na hazina bawaba za kuvunjika kama laptop.

Ila ziliundwa kwa ajili ya ofisi yenye fundi wake wa kuajiriwa, mkataba wa vipuri na umeme usiokatika. Ukiiweka chini ya kaunta Sinza au Mbagala inaanza visa: inagoma kuwaka mpaka ubonyeze F1, inalalamika kwamba mfuniko umefunguliwa, haina tundu la HDMI, inakataa pawa saplai uliyonunua. Vingi kati ya hivyo si ubovu. Ni maamuzi ya kampuni iliyoiunda, na ukishayajua hutamlipa fundi kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika.

Hatua ya 1: Ijue ni ipi hasa

Usiseme tu "ni Dell". Tafuta stika. Kwenye Dell kuna Service Tag, mchanganyiko wa herufi na tarakimu 7, ubavuni, juu au nyuma ya boksi. HP na Lenovo wana serial namba zao. Stika ikiwa imebanduka, washa kompyuta, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, utaona modeli, prosesa na toleo la BIOS, ile programu ndogo ya mipangilio inayoamka kabla ya Windows.

Jina la modeli peke yake halitoshi. Dell walitoa OptiPlex 7010 mwaka 2012, kisha wakarudia jina hilohilo kwa mashine mpya kabisa mwaka 2023. 7020 nayo ipo ya 2014 na ya 2024. Ukitafuta draiva au pawa saplai kwa jina tu, unaweza kuletewa ya mdogo wake aliyezaliwa miaka kumi baadaye. Kwenye tovuti ya Dell ingiza Service Tag, basi.

Angalia pia kizazi cha prosesa. Kwenye Core i5-3470, ile 3 ya kwanza inakuambia ni kizazi cha tatu. I5-4570 ni cha nne. I5-8500 ni cha nane. Namba hiyo itaamua ram, SSD (diski isiyo na kinachozunguka ndani) na Windows ya kuweka, kwa hiyo iandike kwa maka peni ubavuni mwa boksi.

Hatua ya 2: Pigia picha mipangilio kabla ya kugusa chochote

Ingia kwenye BIOS mara tu mashine inapowaka: Dell ni F2, HP ni F10, ThinkCentre ni F1. Pita ukurasa mmoja baada ya mwingine na simu yako mkononi, piga picha. Kurasa mbili usizikose: ule wa SATA Operation, unaoonyesha kama diski inasomwa kwa AHCI au RAID, njia mbili tofauti za mashine kuongea na diski, na ule wa Boot unaoonyesha kama mashine inaanza kwa mtindo wa zamani (Legacy) au mpya (UEFI).

Windows iliyopigwa mashine ikiwa kwenye AHCI, ukiibadilishia kwenda RAID, kawaida inakuletea skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Diski ni nzima, mafaili yapo, hakuna kilichokufa. Lakini mtu asiyejua atapiga windo upya na kufuta kazi zote za wateja. Picha ya kwenye simu inamaliza ugomvi huo kwa dakika mbili.

Hatua ya 3: Badilisha betri ya saa

"Kaka, mashine imegoma tena, inaongelea saa."
"Umebonyeza F1, dada'angu?"
"Nimebonyeza, imewaka, ila intaneti inakataa kila kitu."

Mazungumzo haya fundi yeyote wa mjini anayajua. Ndani ya boksi kuna betri bapa kama ya saa, CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa na kutunza mipangilio wakati umeme haupo. Ikichoka, Dell inaandika Time-of-day not set, HP inatoa namba 163 kwa saa na tarehe au 162 kwa mipangilio, na tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko 2012 inaona vyeti vyote havijaanza kutumika, kwa hiyo inakataa kufungua. Mteja amekuja kuomba mkopo wa HESLB au kuingia Ajira Portal, wewe unalaumu bando.

Kwa nini betri hizi hufa haraka zaidi kwetu? Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa, saa inakula umeme wa ukutani na betri inapumzika. Sisi tunazima swichi ya ukutani kila jioni, na tunafanya vizuri kuiogopa radi na umeme unaorudi kwa kishindo. Ila usiku kucha betri ndiyo inayofanya kazi. Ushauri wangu ni kuendelea kuzima ukutani. Betri ni bei ya soda, pawa saplai siyo.

Kubadilisha: zima, chomoa waya wa umeme kabisa, fungua mfuniko. Gusa chuma cha boksi kwanza ili umeme tuli uliomo mwilini uondoke. Sukuma kishikio kidogo cha pembeni, betri itaruka yenyewe. Weka mpya, alama ya kujumlisha ikitazama juu. Ukiwa na mita, pima kabla ya kuweka: mpya inasoma 3 au zaidi kidogo, na ikisoma 2.7 mrudishie muuzaji. Kisha ingia BIOS, weka saa na tarehe, linganisha na zile picha, hifadhi, toka. Ile ya zamani usiiache mezani, maana mtoto akiimeza inaunguza koo. Ni ya kukimbiza hospitali saa hiyohiyo.

Hatua ya 4: Ipange kwa umeme wa Dar

Mgao umepungua tangu bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha mwaka 2024, lakini umeme wa kukatika dakika mbili na kurudi bado tunao. Ndani ya BIOS kuna kipengele kinachoamua mashine ifanye nini umeme ukirudi. Dell wanakiita AC Recovery, kipo kwenye Power Management. HP wanakiita After Power Loss, kipo chini ya Advanced, Power-On Options. Kikiwa On, kompyuta inajiwasha yenyewe umeme unaporudi.

Weka Off. Umeme ukirudi kwa kuchezacheza, mashine inayojiwasha itakatwa katikati ya kupakia Windows, na hapo ndipo mafaili ya mfumo yanapoharibika. Subiri utulie, uwashe kwa mkono. Isipokuwa kama ndiyo inayorekodi kamera za duka. Hiyo iache On.

Baadhi ya mashine za zamani zaidi zina kiswichi chekundu nyuma, karibu na tundu la waya, chenye 115 na 230. Ikiwa imetoka Marekani kinaweza kuwa kwenye 115. Umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka hivyo utasikia mlio mmoja mkali, harufu, kisha kimya. Nunua huku unatazama nyuma ya boksi.

UPS, lile boksi la betri linaloishikilia mashine umeme ukikatika, ni lazima kwa anayefanya biashara. Friji gadi si UPS: inakata umeme mbaya na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha, jambo zuri kwa kompresa ya friji, ila haihifadhi umeme wowote. Kwenye UPS chomeka boksi na kioo peke yake. Printa ya leza iende ukutani, kwa sababu inapopasha joto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo na UPS ndogo itazidiwa. Na kama UPS inazima papo hapo umeme ukikatika, kabla ya kuitupa angalia betri yake ya ndani. Nyingi hutumia ya volti 12, saizi ya 7Ah, inauzwa peke yake.

Hatua ya 5: Ikigoma kuwaka, isikilize

Kwanza iondolee umeme uliobaki ndani. Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kama sekunde 15 au zaidi, rudisha waya, washa. Inaonekana kama uganga, lakini baada ya umeme kucheza mazabodi hubaki imeganda na umeme mdogo ndani yake, na hii inaufyonza. Mashine nyingi "zilizokufa" huamka hapo.

Isipoamka, tazama nyuma. OptiPlex kama 7010 na 9020 zina kitufe kidogo na taa kwenye pawa saplai. Waya ukiwa umechomekwa, kibonyeze. Taa ikiwaka, pawa saplai inatoa umeme, tafuta tatizo kwingine. Isipowaka, chomoa nyaya zinazokwenda kwenye mazabodi na diski, ujaribu tena. Ikiwaka sasa, basi kuna kitu ndani kinachoivuta chini.

Halafu hesabu milio. Kwenye Dell za kizazi hiki milio 2 maana yake haioni ram, 4 ram ina hitilafu, 5 ni betri ya saa tuliyoiongelea, 7 ni prosesa. HP nyingi za zama hizo huambatanisha mlio na taa nyekundu: mara 2 ni prosesa imepata joto kupita kiasi, mara 4 ni umeme, mara 5 ni ram. Ukisikia ya ram, ichomoe, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio wa penseli, futa unga wote, rudisha mpaka vishikio vyote viwili vilie "ta". Hewa yetu ya chumvi na unyevu wa masika hufanya meno hayo yapate ukungu, kwa hiyo usishangae tatizo likirudi mwakani.

Pawa saplai ikiwa kweli imekufa, usikimbilie kununua ya kawaida. Kuanzia OptiPlex 3020, 7020 ya 2014 na 9020, Dell waliacha kile kiunganishi kikubwa cha pini 24 na kuweka cha pini 8. HP nao kwenye ProDesk 600 G1 na EliteDesk 800 G1 wakaweka cha pini 6. Kuna nyaya za kugeuza, ila kwenye boksi dogo hata umbo la pawa saplai ya dukani haliingii. Beba ile mbovu mkononi uende nayo, linganisha pini na matundu ya skrubu, ndipo utoe hela. Na usiifungue hiyo uliyoibeba: ndani yake umeme unakaa hata baada ya kuchomoa.

Hatua ya 6: Mfuniko, feni na kitambaa cha mama

Umefungua boksi kusafisha, umefunga, unawasha, Dell inaandika Alert! Cover was previously removed. Haijaharibika. Pembeni mwa mfuniko kuna swichi ndogo iliyowekwa ili ofisi ijue kama mfanyakazi amefungua mashine na kuondoka na ram. Ingia BIOS, sehemu ya Security, Chassis Intrusion, futa onyo kisha zima kipengele hicho. HP ina kitu kilekile kwa jina la cover sensor.

Feni nazo zina ukaidi wake. HP ikiandika 511 haioni feni ya prosesa, 512 ni feni ya boksi. Mara nyingi ni waya uliosahaulika baada ya usafi. Ikibidi kununua, peleka ya zamani, maana za Dell nyingi zina kiunganishi cha pini 5 na feni ya kawaida haichomeki.

Hewa inaingia mbele, inapita kwenye prosesa, inatoka nyuma. Sasa nenda kwenye steshenari nyingi utazame: boksi limefungiwa kabatini chini ya kaunta, juu yake rimu nne za karatasi, mbele limezibwa na mfuko wa nailoni, na nyumbani limevishwa kitambaa cha kufuma. Kitambaa ni kizuri, kivishe kioo wakati kimezimwa. Boksi liache wazi, na mbele na nyuma pawe na nafasi ya kutosha kupitisha mkono.

Vumbi toa kila baada ya miezi michache, mara nyingi zaidi kama duka liko kando ya barabara ya vumbi. Tumia brashi ya rangi iliyo kavu na brua. Unapopuliza, izuie feni kwa kidole isizunguke. Upepo wa brua huizungusha kupita kiasi na kuua bearingi. Kama feni inapiga kelele muda wote hata baada ya usafi, huenda pesti ya prosesa, ile krimu inayopitisha joto kwenda kwenye kipoza joto, imekauka. Legeza skrubu nne za kipoza joto kwa mtindo wa kona kwa kona, futa pesti ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, kaza vilevile kona kwa kona.

Hatua ya 7: Kioo na matundu ya USB

OptiPlex 7010 ya 2012 na 9020 zina VGA moja na DisplayPort mbili. HDMI hakuna. Kwa kioo cha kazi za ofisi VGA inatosha. Ukitaka HDMI, nunua kigeuzi kinachotoka DisplayPort kwenda HDMI, na umwambie muuzaji mwelekeo huo kwa mdomo, kwa sababu hakifanyi kazi kinyume. Waya wa DisplayPort wenye kitufe juu ya kichwa usiuvute kwa nguvu: bonyeza kwanza, kuna meno yanayoshika, na watu wameng'oa tundu zima.

Tundu za USB za buluu ni za kasi zaidi, lakini kipokezi cha mausi isiyo na waya kiweke kwenye tundu jeusi, mbali na flashi iliyoko kwenye la buluu. USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz, na mausi itakuwa inarukaruka.

Hatua ya 8: SSD kwanza, ram baadaye

Kama una hela ya kitu kimoja, iwe SSD ya SATA ya inchi 2.5. Hakuna kingine kitakachoibadilisha mashine hii kama hicho. Usishawishiwe na NVMe, SSD za kasi zaidi zisizotumia SATA, kwenye kizazi cha tatu. BIOS yake haiwezi kuanzia huko bila mbinu za ziada. Kwenye mashine yenye chipseti (chipu kuu ya mazabodi) ya Q77, tundu mbili tu za SATA ni za 6 Gb/s na zilizobaki ni za 3, kwa hiyo SSD ichomeke namba 0 au 1. Chumba cha diski ni cha inchi 3.5, SSD itaning'inia. Nunua fremu yake au ibandike kwa gundi ya pande mbili, haina kinachozunguka ndani.

Ram ya kizazi cha tatu na cha nne ni DDR3. Boksi zile ndogo kabisa nyingi hutumia ram za laptop, fupi. Jihadhari na zile za 8GB zinazouzwa bei ya kutupa na kuandikwa ni za AMD, hazisomeki kwenye Intel. Za seva nazo hazikubali. Mbili za 4GB ni bora kuliko moja ya 8GB, kwa kuwa picha za kwenye kioo zinatumia ram hiyohiyo na mbili zinasomwa kwa pamoja.

Hatua ya 9: Amua kuhusu Windows

Microsoft walisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kuendelea. 7010 ya 2012 ina TPM 1.2. Fundi anaweza kukupigia Windows 11 kwa kupitia mlango wa nyuma na ikafanya kazi, ila Microsoft hawakuahidi chochote kwa mashine ya namna hiyo. Core 2 Duo usijaribu kabisa, matoleo ya karibuni ya Windows 11 hayawaki humo.

Kwa mashine ya nyumbani ya kutaipu na kuangalia mtandao, ningeweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, bila kusita. Kwa steshenari inayopokea flashi za wateja mchana kutwa, Windows isiyopata masasisho ni hatari, na Linux ina faida ya kutojali virusi vya shotikati vilivyojaa kwenye flashi hizo. Kinachokwamisha ni printa. Kabla ya kufuta chochote, tengeneza flashi ya Mint, washa mashine huku unabonyeza F12 kwenye Dell na Lenovo au F9 kwenye HP, chagua flashi, na uijaribu hivyohivyo bila kuiweka kwenye diski. Chapisha ukurasa mmoja, skani kitambulisho, fungua faili la Word la mteja lenye jedwali uone kama mistari imekaa. Printa ikikataa, baki na Windows 10 na ujiunge na mpango wa masasisho ya ziada kwa watumiaji binafsi, unaoishia tarehe 13 Oktoba 2026, huku ukiwinda boksi la kizazi cha nane kama OptiPlex 3060 au EliteDesk 800 G4. SSD uliyonunua utahamia nayo. Ram ya DDR3 itabaki, kwa sababu hizo zinatumia DDR4.